Krismasi ya Ballyhaunis: mji ni wa wanaorudi au wa wanaobaki?

Ballyhaunis ni mji mdogo wa kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, wenye wakazi wasiofika 3,000. Kila Desemba hufurika. Treni ya Dublin kwenda Westport inashusha vijana na masanduku yao, na uwanja wa ndege wa Knock, ulio karibu, unapokea ndege kutoka Uingereza zilizojaa wana wa kaunti hiyo. Mkesha wa Krismasi waumini wanasimama hadi mlangoni mwa kanisa, na baa hazina nafasi hata ya kuegemeza kiwiko, kwa kuwa kesho yake sheria inataka zifungwe kutwa. Ikifika tarehe 6 Januari, sikukuu ya Nollaig na mBan, ambayo kwa desturi mwanamke hupumzika na mume akashika jiko, wageni wengi wameshaondoka.

Kuna wanaosema msimu huu ndio pumzi ya miji ya namna hii. Wengine wanauona kiini macho: wiki mbili za shangwe zinazoficha miezi kumi na moja ya upweke.

Wanaoutetea wana historia upande wao. Mwaka 1841 Mayo ilikuwa na watu karibu 389,000. Ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, na baada yake meli hazikukoma. Kufikia 1971 walibaki 109,000 hivi. Waliohama hawakukata mguu kabisa. Kabla ya Krismasi ilifika barua kutoka Marekani yenye dola ndani, ikalipa kodi ya shamba, deni la dukani, na nauli ya mdogo mtu aliyefuata. (Si wote waliofuata pesa, lakini. Mapadri wa shirika la Kiltegan walifika Turkana na Kitui, na Krismasi zao nyingi walizisherehekea huko.) Uwanja wa Knock wenyewe ni zao la uhusiano huo. Padri James Horan alipoupigania alichekwa kwamba anataka kutua ndege kwenye kilima cha ukungu na tope. Ulifunguliwa rasmi mwaka 1986, na leo mahujaji wanaokwenda Knock, mahali pa hija ya Kikatoliki, na watoto wa waliohama ndio wanaufanya uwe na maana.

Anayeibeza safari ya Krismasi afikirie pia wale wasioweza kuifunga. Waireland walioingia Boston na New York miaka ya 1980 kwa viza ya matembezi, wakapitiliza, walibanwa zaidi na sheria ya Marekani ya 1996: aliyekaa bila kibali zaidi ya mwaka mmoja, akitoka, anaweza kufungiwa mlango kwa miaka kumi. Mtu ana nyumba kule, ana watoto wa shule kule, na mama yake anazikwa Mayo yeye akiwa kwenye simu. Kwa familia kama hiyo, kiti kitupu mezani tarehe 25 si mapambo ya sikukuu.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja ambayo naona hupewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Katika sensa ya 2016, Ballyhaunis iliongoza miji yote ya Ireland kwa sehemu ya wakazi wasio raia wa nchi hiyo: karibu wanne kwa kila kumi. Chanzo chake ni nyama. Miaka ya 1970 mfanyabiashara kutoka Pakistani, Sher Rafique, alianzisha hapo kiwanda cha kuchinja kwa njia ya halali na kusafirisha nyama nje. Wakaja wachinjaji, wakaja wake zao, na mwaka 1987 ukafunguliwa msikiti. Baadaye walifika watu wa Ulaya Mashariki, na waombaji hifadhi wakawekwa katika jengo la zamani la watawa. Hawa ndio wananunua mkate Februari, mvua inaponyesha ubavu na waliohamia Sydney wako kiangazini. Watoto wao wanajaza madarasa ambayo yangepungua, na wanashika fimbo za hurling, mchezo ambao Ballyhaunis inajivunia kuliko sehemu kubwa ya Mayo.

Anayerudi mara moja kwa mwaka huutaka mji uwe vile alivyouacha. Akikuta duka la zamani sasa linauza mchele wa basmati, huona amepokonywa kitu. Ni hisia ya kweli, siidharau, ila haimpi haki ya kumwita mgeni mtu aliyefungua duka hilo kila asubuhi kwa miaka ishirini.

Mila yenyewe haiko upande wa anayerudi peke yake. Mshumaa unaowashwa dirishani mkesha wa Krismasi uliwekwa, kwa masimulizi ya wazee, kuwaonyesha Maria na Yosefu kwamba nyumba hii haifukuzi msafiri. Ni Mary Robinson, rais wa Ireland kuanzia 1990 hadi 1997 na mzaliwa wa Ballina katika kaunti hiyohiyo, aliyeupa maana mpya kwa taifa zima: aliwasha taa kwenye dirisha la Ikulu kwa ajili ya Waireland walioko ughaibuni. Lilikuwa jambo jema, na liliwaliza wengi. Lakini kumkaribisha ndugu ni rahisi kuliko kumkaribisha usiyemjua.

Sheria imeshachagua, na imechagua kinyume cha hisia za Desemba. Raia aliyehama bila nia ya kurudi ndani ya miezi 18 hana nafasi kwenye daftari la wapiga kura. Mkazi wa Ballyhaunis, awe raia au la, hata anayesubiri jibu la ombi lake la hifadhi, anapiga kura kuchagua madiwani. Naona ni sawa: anayepita barabara yenye mashimo kila siku ndiye aamue izibwe lini. Kwa walioko nje, Enda Kenny, waziri mkuu wa wakati huo, naye wa kutoka Mayo, alitangaza mwaka 2017 kura ya maoni ya kuwaruhusu kumchagua rais. Ilipangwa 2019 ikaahirishwa. Rais wa Ireland hatozi kodi wala hafungi shule, kwa hiyo hapo sioni sababu ya kuwanyima.