Kifungo kisicho na tarehe

Tuchukue watu wawili waliokamatwa na kuku wa wizi soko moja. Wa kwanza anakiri, hakimu anampa miezi yake, anaitumikia, anarudi kwao. Wa pili ana ulemavu wa akili; yanayosemwa kortini hayafuati. Kwa huyu, kifungu cha 167 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinaagiza ushahidi usikilizwe hivyo hivyo. Ukionekana unatosha kumtia mtu hatiani, basi azuiliwe kwa ridhaa ya Rais, yaani hadi Rais aamue atoke. Mahali na masharti ataamua Rais. Tarehe ya kutoka haimo.

Wanaotetea amri za namna hii si watu wenye roho mbaya. Si kila kesi ni ya kuku: kuna mwathiriwa aliyeumizwa kweli, kuna mama mzee asiyeweza tena kumshika mwanawe mwenye nguvu za mtu mzima hasira zikimpanda. Na kuna hakimu anayeuliza, "Nikimwachilia, aende wapi?" Mara nyingi hajibiwi, kwa sababu makao ya kumpokea hayapo. Swali hilo ni zito.

Ila ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili ni mambo mawili. Kifungu jirani, cha 166, kinachomhusu aliyetenda kosa akiwa na wazimu, kinadai ripoti kuhusu hali yake baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Miaka 3! Mwizi wetu wa kwanza keshatoka, labda keshaoa. Lakini mgonjwa, dawa zikimkubali, daktari ataandika kwamba amepata nafuu. Huyu wa pili ataandikiwa nini? Hakuugua. Alivyo leo ndivyo atakavyokuwa mwakani, na kila ripoti itasema yale yale.

Marekani suala hili liliamuliwa mwaka 1972, katika kesi ya Jackson dhidi ya Indiana. Mshtakiwa alikuwa kiziwi asiyesema, umri miaka 27, akili zikikadiriwa kuwa za mtoto ambaye hajaanza shule. Mashtaka: unyang'anyi mara mbili, mkoba na vilivyomo wa dola 4, kisha dola 5 taslimu. Kwa dola 9 hizo akapelekwa kuzuiliwa hadi aweze kusimama kizimbani, huku madaktari wakiona matumaini hayo ni finyu mno. Mahakama ya Juu ikasema azuiliwe kwa muda wa kutosha tu kubaini kama ataweza. Kama hataweza, jimbo la Indiana lifungue shauri la kawaida la kumweka kwenye matunzo, lithibitishe sababu zake, au limwachilie. Kwa hiyo wanaohofia usalama hawakunyimwa mlango. Walitakiwa kuleta ushahidi.

Kenya nako majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wameshasema kuzuiliwa kwa ridhaa ya Rais kunakiuka Katiba ya 2010, kwani kupanga adhabu ni kazi ya mahakama. Vizuri. Lakini kesi za hivi hufunguliwa na mwenye wakili, au ndugu asiyechoka. Ningeanza na kidogo: amri yoyote isizidi muda ambao angefungwa mtu mwingine kwa kosa lile lile, na kila mwaka arudishwe mbele ya jaji, familia ikiwepo, aliyepigwa au kuibiwa naye akisikilizwa.