Nani Huamua Mtu Aishi Wapi? Kigoma na Tabora Baina ya Sensa Mbili

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta mikoa ya Kigoma na Tabora ikikaribiana kwa idadi ya watu: Kigoma ilikuwa na watu 2,127,930 na Tabora 2,291,623. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 2,470,967 Kigoma na 3,391,679 Tabora. Yaani katika kipindi hicho hicho Tabora iliongezeka kwa takriban asilimia 48, nchi nzima kwa asilimia 37, na Kigoma kwa asilimia 16 tu. Pengo hilo halielezwi na uzazi, kwa sababu mikoa yote miwili inajulikana kwa familia kubwa. Wala halielezwi na kuondoka kwa wakimbizi, kwa sababu kambi za Nyarugusu na Nduta mwaka 2022 zilikuwa na watu wengi kuliko wakimbizi waliokuwa Kigoma miaka kumi kabla. Linalobaki ni kuhama: watu wametoka Kigoma, watu wameingia Tabora, na baadhi yao ni wale wale.

Kigoma mjini na Ujiji, maelezo yanayotangulia midomoni mwa watu ni ya siasa. Mkoa huu, wanasema, umelipishwa gharama ya kuuchagua upinzani. Jimbo la Kigoma Kaskazini lilimpeleka Zitto Kabwe bungeni kwa tiketi ya CHADEMA mwaka 2005, na mwaka 2015 Manispaa ya Kigoma Ujiji ikaingia mikononi mwa madiwani wa ACT-Wazalendo. Lami ikachelewa, umeme wa gridi ya taifa ukafika mwaka 2022 tu, na kijana aliyetaka kufungua karakana ya kuchomelea vyuma akaona heri apande treni. Hoja hii ina mvuto, lakini haisimami imara inapopimwa kwa jirani. Katavi, mkoa ambao haukuwahi kuwa na sifa ya upinzani kama Kigoma, uliendelea kusubiri gridi baada ya Kigoma kuunganishwa. Kaliua, iliyo ndani ya mkoa wa Tabora, ilimchagua mbunge wa CUF mwaka 2015, na hakuna mfugaji wala mkulima wa tumbaku aliyeghairi kuhamia huko kwa sababu hiyo. Umbali kutoka Dar es Salaam umeiumiza Kigoma zaidi ya kura zake, ingawa sikatai kwamba diwani wa upinzani alikuwa na milango michache ya kugonga.

Hapa ndipo mfano wa Marekani, wa watu kuhama jimbo moja kwenda jingine kwa sababu ya siasa zake, unaotajwa sana siku hizi, unapotupoteza. Kule kila jimbo lina bunge lake na kodi zake. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, California inatoza, na baada ya sensa ya mwaka 2020 Texas iliongezewa viti viwili katika Baraza la Wawakilishi huku California ikipoteza kimoja. Hata huko wanabishana kama watu hufuata siasa au bei ya nyumba. Kwetu halmashauri haina uwezo wa namna hiyo. Ushuru wa mazao umewekewa kikomo na sheria ya nchi, kodi ya majengo inakatwa kwenye luku, na sehemu kubwa ya bajeti inashuka kutoka Hazina. Anayetoka Kasulu kwenda Urambo hakimbii kodi ya halmashauri moja ili anufaike na ya nyingine, kwa kuwa tofauti hiyo karibu haipo.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba siasa haina nguvu, maana ni sehemu chache za nchi hii ambako dola imewapanga watu upya mara nyingi kama hapa. Wajerumani walipofikisha reli Tabora mwaka 1912 na Ziwa Tanganyika mwaka 1914, waliipeleka Kigoma badala ya Ujiji kwa sababu ghuba ya Kigoma ilifaa zaidi kwa bandari. Ujiji, uliokuwa soko kuu la ukanda huu wa ziwa kwa miongo mingi, ukaachwa pembeni mwa mji uliokuwa mdogo kuliko wenyewe. Waingereza wakaichukulia Buha, nchi ya Waha huku Kigoma, kuwa ghala la vibarua, na vizazi vya Waha vikaondoka kwa jina la manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Mazoea ya kuhama tunayoyaona leo yana mizizi humo, na asiyetaka kuitazama ataendelea kudhani kwamba Mha huzaliwa na hamu ya safari.

Baada ya Uhuru mkono wa dola haukulegea. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja na mgomba wake, zikapangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Wapo wanaotetea uamuzi ule kwa nguvu, nao wana hoja: bila kukusanya watu, shule, zahanati na kisima visingewafikia. Wapo wanaokumbuka mashamba yaliyogeuka mahame, mwendo mrefu wa kwenda kulima, na nyumba zilizobomolewa kabla nyingine hazijasimama. Lisilobishaniwa ni matokeo yake ya kisheria, kwani kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kilihalalisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Aliyehamishwa hana tena pa kudai, na aliyepewa kiwanja cha mwingine amekuwa mwenyewe.

Hoja ya upande wa pili, kwamba watu huamua wenyewe waishi wapi, inapata nguvu katika yale ambayo dola iliagiza yakashindikana, na mfano bora uko Ulyankulu. Makazi hayo ya Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo, yalipokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Serikali ilipoamua kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao mwaka 2010, ilitaka waondoke katika makazi hayo na kusambazwa katika mikoa mingine. Kwenye karatasi mpango ulikuwa na mantiki, kwani raia mpya angechanganyika na raia wa zamani na makazi ya wakimbizi yangefungwa. Lakini mikoa iliyotakiwa kuwapokea ilisita, fedha zikasuasua, na wahusika wenyewe, waliowazika wazazi wao Ulyankulu na kulima tumbaku hapo kwa miaka karibu arobaini, hawakuona sababu ya kuondoka. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa nao wakiwa palepale, na mwaka uliofuata Ulyankulu ikapiga kura kama jimbo la uchaguzi. Serikali iliyotaka kuamua wahamie wapi iliishia kuwapatia mbunge walikokataa kuhama.

Hata huku kwenye ardhi ya kawaida ya vijiji, nadhani jambo hufuata njia hiyo hiyo, ila kwa kificho zaidi. Ardhi ndiyo inayomvuta mtu. Siasa inaingia baadaye kuamua kama atabaki. Mfugaji anashuka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, au mkulima anatoka Kakonko ambako shamba la baba limegawanywa kwa watoto wa kiume hadi halitoshi mahindi ya mwaka. Anapokea habari za ndugu aliyetangulia, anafika ukingoni mwa hifadhi ya msitu, anaonana na mwenyekiti wa kitongoji, anatoa kitu, anaonyeshwa pori. Kwa utaratibu ugawaji huo ulipaswa kupita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji; kwa mazoea unapita chini ya mwembe. Baada ya misimu michache kuna kaya za kutosha kujenga darasa la miti na udongo. Kisha unakuja uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024, ambao orodha yake ya wapiga kura huandikwa kwa kigezo cha ukazi wa kitongoji, na mgeni aliyeingia porini kimyakimya anakuwa mkazi mwenye kura. Mwenyekiti aliyemkaribisha hawezi kumfukuza bila kujifukuza mwenyewe.

Serikali kuu nayo imelikubali hilo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisimamisha uondoaji wa watu katika vijiji vilivyokuwa na migogoro na hifadhi, na mwaka huo huo Baraza la Mawaziri likaamua kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyochunguzwa nchi nzima vibaki. Wanaouunga mkono uamuzi huo wanauliza swali la haki: kijiji kilichosajiliwa na serikali, kikapewa shule na mtendaji wa serikali, kitaitwaje mvamizi? Wanaoupinga wanaonyesha misitu ya miombo ya Kaliua, Urambo na Sikonge, ambayo ndiyo inayolisha nyuki na mito ya Ugalla na Malagarasi, na wanasema kila msamaha unamfundisha mhamiaji anayefuata kwamba akivumilia hadi uchaguzi mmoja au miwili atahalalishwa. Mimi naona wa kwanza wana haki juu ya waliokwisha kukaa, na wa pili wana haki juu ya watakaokuja. Tatizo ni kwamba tangazo lilelile linasikika kwa wote wawili, waliokwisha kukaa na watakaokuja. Mwaka huo huo wa 2019, kwa kweli, pori la akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na hakuna mkulima wa kawaida anayeweza kueleza kwa nini mpaka mmoja ulilegezwa na mwingine ukakazwa.

Kigoma ina kikwazo chake, nacho kinazungumzwa zaidi barazani kuliko katika taarifa rasmi. Wabunge wa mkoa huu wamelalamika mara nyingi bungeni juu ya wananchi wao kushukiwa uraia, kuhojiwa na Uhamiaji na kucheleweshewa vitambulisho vya NIDA kwa sababu ya lugha na majina yanayofanana na ya Burundi. Dola ina sababu zake: mpaka ni mrefu, ziwa halina ukuta, na barabara za mkoa huu zimewahi kusifika kwa ujambazi wa silaha. Lakini tathmini ya haki haina budi kuhesabu pia gharama. Mtu ambaye kila akienda mjini anadaiwa kuthibitisha kijiji cha babu yake anapima kwa makini kama atawekeza katika nyumba ya matofali ya kuchoma Buhigwe, au ataitumia fedha hiyo kuanza maisha mahali ambako jirani yake hajui lafudhi yake inatoka wapi.

Sasa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 ambazo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, inaleta tena swali la mwaka 1914. Itatengeneza miji mipya, na wenye taarifa tayari wanaulizia viwanja karibu na maeneo yanayotarajiwa kuwa vituo. Vijiji vya njiani ambavyo vina mpango wa matumizi bora ya ardhi na hati za kimila mkononi vitaweza kujadiliana na wanaokuja. Visivyo navyo vitagawa kwa mazoea, na gharama ya kupima kijiji, ambayo halmashauri za Uvinza na Kaliua zingeweza kuidai mapema kwenye bajeti zao kabla ya tuta la reli kufika, itakuja kulipwa mara kadhaa katika mabaraza ya ardhi.