Nesi Msaidizi wa Miezi Mitatu: Nani Kamwona Akimgeuza Mgonjwa?

Hapa Mwanza, ukishuka daladala Buhongwa, Igoma au Mabatini, huwezi kuzikosa karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme. Kozi ya nesi msaidizi, miezi mitatu, waliofeli kidato cha nne mnakaribishwa, ada kwa awamu, field (mafunzo ya vitendo) hospitali kubwa, ajira nje nje. Siwalaumu wanaopiga ile namba. Mzazi mwenye binti aliyekaa nyumbani tangu matokeo yatoke, na laki mbili tatu alizodunduliza kwenye dagaa, anaona mlango umefunguka. Nawalaumu waliobandika. Na sisi wa wodini tunaowapokea hao mabinti bila kuuliza swali hata moja, nasi tumo.

Tuanze na sheria, tusichukue muda mrefu. Muuguzi hapa Tanzania ni aliyeandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010 na akapewa leseni. Hakuna kozi ya miezi mitatu inayokufikisha hapo. Ngazi ya cheti peke yake ni miaka 2, diploma ni 3. Chini ya muuguzi yuko mhudumu wa afya, atendanti kama tunavyomwita, na matangazo ya ajira serikalini yamekuwa yakitaja sifa zake bila kuficha: kidato cha nne, na mafunzo ya mwaka mmoja katika fani ya afya kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Maana yake binti wa miezi mitatu akishavaa joho na kupiga picha, hiyo nafasi ya atendanti hawezi hata kuiomba. Hata wahudumu wa afya ngazi ya jamii, katika mpango ulioanza mwaka 2024, wanasoma miezi 6, na wao wanapita majumbani kuelimisha na kutoa rufaa. Hawaachiwi mgonjwa mahututi usiku kucha. Hayo kwenye nguzo hayaandikwi.

Ila miezi siyo inayoninyima usingizi. Mtu anaweza kusoma mwaka mzima akatoka hajui kitu.

Nimesimamia wodi ya wanaume kwa muda mrefu, na kila msimu wa field wanaletwa mabinti na vijana, sare zinang'aa, madaftari mapya. Asubuhi moja napitia chati naona safu ya pumzi imeandikwa 20, 20, 20, kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Kitanda cha kando ya dirisha kalala mzee wa nimonia ambaye mbavu zinapanda na kushuka unaziona kutoka mlangoni. Nikamwita aliyejaza.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Huyu babu pumzi zake umezihesabuje?"

"Chuoni walituambia ya kawaida ni ishirini, sista."

Nikamvutia stuli, nikampa saa yangu, nikamwambia aweke mkono kifuani kwa babu kama anayepima mapigo, maana mgonjwa akijua unahesabu pumzi anazibadilisha, kisha ahesabu dakika nzima. Akapata 34. Alinitazama kama mtu aliyeshika nyaya za umeme. Yule binti hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kando ya kitanda akamwonyesha. Alifundishwa jibu, hakufundishwa kuhesabu.

Na kazi yenyewe watu wanaidharau kwa sababu ina mabeseni na vyoo ndani yake. Chukua mgonjwa wa kiharusi. Ukimlaza chali siku nzima, ngozi ya juu ya makalio inaanza kuwa nyekundu, kesho inalainika, keshokutwa kuna shimo. Kumgeuza kila baada ya saa mbili ndiyo dawa, na kumgeuza kuna namna yake: shuka la kuvutia liwe chini yake, watu wawili, asiburuzwe, mto katikati ya magoti, visigino vining'inie bila kugusa godoro. Kumlisha nako kuna namna yake. Ndugu anatoka Kisesa na chupa ya uji, mgonjwa kalala chali mdomo umepinda, kijiko kinaingia, uji unaelekea mapafuni. Atendanti aliyefundishwa anamkalisha kwanza wima, anampa kidogo upande ulio mzima, anamsubiri ameze, na baada ya hapo hamlazi mara moja. Mfuko wa mpira wa mkojo unaning'inia chini ya usawa wa kibofu, hauwekwi kitandani pembeni ya mgonjwa wakati wa kutandika, mkojo ukarudi ulikotoka na wadudu wake. Mambo hayo hayahitaji kidato cha sita. Yanahitaji mtu anayeyajua asimame pembeni yako mara nyingi mpaka mikono yako iyajue.

Sasa hapo ndipo napenda kuwatazama Marekani, ingawa mwenye karatasi za nguzo anaweza kunigeuzia kibao. Sheria yao ya mwaka 1987, iliyokuja kusafisha nyumba za kutunzia wazee, iliweka kima cha chini cha mafunzo ya msaidizi wa muuguzi kuwa saa 75. Saa 75! Ni chini ya wiki mbili za kazi. Wenyewe wanalalamika kwamba hazitoshi: mwaka 2008 jopo la wataalamu wao lilipendekeza zisipungue 120, na majimbo mengine hayakusubiri, California wanadai saa 160. Kwa hesabu ya kalenda, miezi mitatu yetu inazipita zote hizo. Mwenye chuo atasema, unaona sista, sisi ni bora kuliko Marekani.

Fungua uone zile 75 zina nini. Saa 16 za kwanza, mwanafunzi haruhusiwi kumkaribia mzee hata mmoja mpaka amefundishwa kuzungumza na mgonjwa, kuzuia maambukizi, usalama na dharura, kumwacha mgonjwa afanye mwenyewe anachokiweza, na kuheshimu haki zake. Saa 16 nyingine, kwa uchache, ni za vitendo chini ya usimamizi. Hafanyi jambo lolote kwa mgonjwa mpaka amefundishwa jambo hilo na mwalimu akaridhika kwamba analiweza. Msimamizi wa mafunzo lazima awe muuguzi aliyesajiliwa mwenye uzoefu usiopungua miaka 2, mmoja wake katika huduma ya wanaotunzwa muda mrefu. Mwisho kuna mtihani wa maswali, na kuna wa mikono ambao vipengele vinachaguliwa kwa bahati nasibu, hujui utaambiwa umsafishe mgonjwa mdomo au umhamishie kwenye kiti cha magurudumu. Mtihani huo unatambuliwa na jimbo. Chuo hakijitungii na kujisahihishia kinavyopenda. Jina la anayefaulu linaingia kwenye daftari la jimbo, na akithibitika kumpiga au kumwibia mzee, nalo linaandikwa humo humo, mwajiri anayefuata alione.

Kingine kilichonifurahisha ni cha pesa: nyumba ya wazee iliyokwisha kukuajiri, au kukuahidi kazi kabla kozi haijaanza, haiwezi kukutoza ada ya hayo mafunzo. Anayekuhitaji ndiye anayegharamia. Kwetu binti analipa chuo, analipa sare, analipa nauli ya field, na wodi inamtumia bure.

Sisemi tuige kila kitu. Kule wanaandaa watu wa kutunza wazee kwenye nyumba maalumu; hapa atendanti anakutana na mama mjamzito, mtoto mwenye degedege na aliyegongwa na bodaboda, zamu moja. Hospitali ya Bugando, iliyo juu ya kilima hapa Mwanza, peke yake ina vitanda zaidi ya 900 na inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa nzima. Mgonjwa wa Ukerewe kavuka maji kwanza ndipo akapanda mlima. Kwa hiyo saa zetu ziwe nyingi kuliko zao. Mimi ningetaka nusu ya kozi iwe wodini, na wodini isimaanishe wanafunzi thelathini wamezunguka kitanda kimoja wakati wa makabidhiano ya zamu, wa nyuma wanachezea simu.

Na mtihani uwe kwa Kiswahili. Hili najua wenzangu wengine watakunja uso. Nimeona notisi za kozi hizi, Kiingereza cha kunakili kutoka mtandaoni, mwanafunzi anakariri sentensi nzima kuhusu vidonda vya mgandamizo na kidonda chenyewe hakitambui kikiwa mbele yake. Wamarekani wenyewe wanaruhusu mtahiniwa ajibu kwa mdomo badala ya kuandika. Atendanti wetu anaongea na nani kwa Kiingereza? Bibi wa Kwimba unamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, ndipo anakuonyesha panapouma.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito. Wodi hazina watu. Ndugu wa wagonjwa ndio wanaogesha, wanalisha, wanabeba bakuli za haja. Ukikaza masharti, hata hawa nusu mkate watakosekana. Naielewa, nimefanya zamu za usiku muuguzi ni mimi peke yangu. Lakini msaidizi asiyejua anakuongezea kazi: inabidi upime upya alichopima, na kitu kikiharibika anayehojiwa ni wewe mwenye leseni.

Wapo pia maatendanti wa zamani, waliojifunzia kazi wodini miaka na miaka bila cheti cha maana, wanaomgeuza mgonjwa vizuri kuliko wauguzi wenye diploma. Hao wasirudishwe darasani kukaa na watoto. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wamekuwa wakiwapima mafundi wa mtaani kwa ujuzi walionao na kuwapa vyeti, waashi na wapishi wakiwamo. Wapimwe kitandani vivyo hivyo, anayeweza apewe cheti.

Kusajili vyuo na kuvifunga ni kazi ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na wizara, na najua mambo ya Dodoma yanakwenda kwa mwendo wake. Kuna linalowezekana hapa hapa Mwanza bila waraka mpya. Hakuna kozi ya aina hii inayoweza kujitangaza bila kutaja field, na field iko mikononi mwa hospitali. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wa hospitali, akiamua kwamba hapokei mwanafunzi ambaye chuo chake hakijaleta usajili, hakijaleta mwalimu muuguzi wa kukaa nao wodini, na hakijampa kitabu cha vitendo chenye nafasi ya muuguzi kusaini kila alichokiona kwa macho yake, nusu ya zile karatasi zitakosa cha kuandika. Mzazi naye, kabla hajatuma hela kwa simu, aulize mambo matatu: wodi gani, mwalimu gani, na nani anayetahini. Akijibiwa "usijali mama, field ipo", aombe jina la hospitali aende mwenyewe kuuliza getini.

Mwezi ujao tunapokea kundi jipya. Nimeshamwandikia metroni wetu barua kuhusu vile vitabu vya vitendo, na nimemwambia kwamba kwenye wodi yangu safu ya pumzi sitaisaini kama sijamwona mtu na saa mkononi.