Wageni Waliojivika Urusi

Mwanzoni mwa mwaka 1744 msichana wa Kijerumani aliyeitwa Sophie, wa ukoo mdogo wa Anhalt-Zerbst, aliwasili Urusi akiwa na umri wa miaka 14. Katika kumbukumbu alizoziandika baadaye alikiri kwamba alikuja na magauni yasiyozidi manne na shimizi dazeni moja, kwamba shuka alizolalia zilikuwa za mama yake, na kwamba katika kasri aliloingia watu walibadilisha mavazi mara tatu kwa siku. Msichana huyo ndiye aliyetawala Urusi kwa miaka 34, tangu 1762 hadi 1796, kwa jina la Catherine II.

Nimeanza na sanduku lake kwa sababu nimechoshwa na mazoea ya kuwasimulia malkia wa Urusi kwa kuhesabu wapenzi na vito vyao, kana kwamba nguo zilikuwa anasa na basi. Kwa maoni yangu, mengi ya mavazi tunayoyaona katika picha zao yalivaliwa kujibu swali moja zito: mwanamke aliyezaliwa ugenini na kulelewa katika dini nyingine atawezaje kuonekana kuwa Mrusi mbele ya Warusi? Wahenga wetu walisema mwacha mila ni mtumwa. Wanawake hawa waliacha mila, madhehebu na hata majina waliyopewa na wazazi wao, wakavishwa taji. (Kiswahili kinatubana kidogo hapa, kwani neno malkia humtaja mwanamke atawalaye na pia mke wa mfalme. Tangu Peter I, mtawala wa Urusi, ajitwalie cheo cha kaizari mwaka 1721, wanawake waliotawala wenyewe walikuwa wanne tu, wote katika karne ya 18. Wengine walikuwa wake.)

Aliyempokea Sophie, Malkia Elizabeth wa Urusi, hakuwa na swali hilo. Alikuwa binti wa Peter I, na uzalendo wake haukuhitaji ushahidi wa cherehani. Kwake nguo zilikuwa silaha ya kuwaweka wengine chini. Magauni yake 4,000 yaliteketea kwa moto huko Moscow mwaka 1753, na bado inasimuliwa kwamba alipofariki yalikutwa mengine 15,000. Aliandaa dansi ambazo wanaume waliamriwa kuvaa magauni na wanawake kuvaa suruali, kwa kuwa yeye mwenyewe alipendeza sana katika mavazi ya kiume, ilhali wengi wa wageni wake walionekana vituko. Katika majira ya baridi ya mwaka 1747 aliwaamuru wanawake wa kasri wanyolewe vichwa, nao wakatii huku wakilia, kisha wakapelekewa mawigi meusi yasiyochanwa vizuri.

Sophie, ambaye sasa aliitwa Ekaterina (ndiyo Catherine kwa Kirusi) baada ya kuingia kanisa la Kiorthodoksi, alitazama na kujifunza. Anasimulia kwamba safari moja alikwenda dansini na vazi jeupe lisilo na mapambo, nywele zimefungwa kwa utepe, na waridi moja kichwani, na Elizabeth akastaajabia usahili ule. Kushindana na mwenye magauni maelfu kwa wingi wa magauni kungekuwa upumbavu.

Usiku aliomwondoa mumewe, Kaizari Peter III, madarakani, mnamo Juni 1762, alivaa sare ya kijeshi ya kuazima, akapanda farasi akikaa kama mwanamume na kuwaongoza askari wa kikosi cha walinzi. Mchoraji wa Kidenmaki Vigilius Eriksen alimchora hivyo hivyo, upanga mkononi, juu ya farasi wake Brilliant. Naiona picha hiyo kuwa hati ya kisiasa kuliko kazi nyingi za enzi yake, maana Catherine hakuwa na hata tone moja la damu ya Romanov, ukoo wa watawala wa Urusi, na sare ya askari wa Kirusi ilisema kile ambacho nasaba yake isingeweza kusema. Miezi michache baadaye alivikwa taji lenye almasi zinazokaribia 5,000. Hata kwa sikukuu za kasri alianzisha magauni yenye mikono mirefu yaliyokumbusha mavazi ya kale ya nchi, ingawa ushonaji wake ulikuwa wa Kifaransa.

Picha ninayoipenda zaidi ni ya Vladimir Borovikovsky ya mwaka 1794. Malkia amezeeka, amevaa koti la buluu la kutembelea, mkononi ana fimbo na miguuni pana mbwa wake, kama bibi yeyote aliyetoka kupunga hewa bustanini Tsarskoye Selo. Ukimfuata mkono wake, hata hivyo, unakuelekeza kwenye nguzo iliyo nyuma, nayo ni kumbukumbu ya ushindi wa Chesme dhidi ya meli za Waosmani mwaka 1770. Usahili ule umepangwa. Wala tusisahau kwamba gharama yote hiyo, ya hariri na ya vita, iliwaelemea wakulima waliofungwa kwenye ardhi za mabwana, ambao Catherine aliwagawa kwa maelfu kama zawadi.

Baada yake swali lile likageuzwa kuwa sheria. Mwaka 1834 Kaizari Nicholas I, ambaye mkewe alikuwa binti wa mfalme wa Prussia, aliagiza wanawake wote wa kasri wavae gauni la mtindo wa Kirusi katika sherehe kubwa: mahameli yenye tarizi ya dhahabu, mkia mrefu, na kichwani kokoshnik, kilemba kigumu cha wanawake wa zamani. Dagmar wa Denmark, mke wa Kaizari Alexander III, alilivaa inavyotakiwa, kisha akaagiza magauni yake mengine kwa mshonaji Worth jijini Paris.

Mnamo Februari 1903 Kaizari Nicholas II na mkewe Alexandra, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza, waliwaalika mamia ya wageni katika Kasri la Majira ya Baridi wakiwa wamevaa mavazi ya karne ya 17, yale yale ambayo Peter I aliwapiga marufuku wakuu wake kuyavaa. Alexandra alikuja kama mke wa Tsar Alexei, baba yake Peter. Miaka michache baadaye mavazi ya usiku ule yalichorwa kwenye karata, na serikali ya Kisovyeti, ya Wabolsheviki, wanamapinduzi waliompiga risasi Alexandra mwaka 1918, iliendelea kuzichapa karata hizo kwa miongo mingi.