Adel Imam: sauti ya raia au mchekeshaji wa serikali?

Mwanzoni mwa mwaka 2024, Rami Imam alitangaza kwamba baba yake, mwigizaji wa Misri Adel Imam, amestaafu. Tangu hapo wasifu wake umekuwa ukiandikwa kwa namna mbili: wapenzi wake wanamsifu kama sauti ya raia wa kawaida, na wakosoaji wake wanasema alikuwa mchekeshaji wa serikali.

Wakosoaji wana hoja. Imam hakuficha kwamba alimuunga mkono Hosni Mubarak, aliyekuwa rais wa Misri, na filamu yake Al-Irhabi ya mwaka 1994, ambamo aliigiza mwanamgambo mwenye itikadi kali, iliafiki vita vya dola dhidi ya makundi ya Kiislamu wakati huo. Zaidi ya hayo, aling'ang'ania nafasi ya mhusika mkuu hadi alipofikia umri wa miaka 80.

Lakini anayeishia hapo anamhukumu kwa kauli zake na kuziacha kazi zake. Katika filamu ya Al-Irhab wal-Kabab (Ugaidi na Kebabu) ya mwaka 1992, iliyoandikwa na Wahid Hamed na kuongozwa na Sherif Arafa, baba mmoja, anayeigizwa na Imam, anakwenda katika Mogamma, jengo la ofisi za serikali mjini Cairo, kutafuta uhamisho wa shule wa watoto wake. Anazungushwa ofisi hadi ofisi, karani anayemhitaji haachi kuswali, ugomvi unazuka na bunduki ya askari inaangukia mikononi mwake. Jengo zima linageuka mateka, na serikali inapouliza anadai nini, hana dai lolote tayari. Watu wana njaa, basi anaagiza kebabu. Sijaona shtaka zito kuliko hilo dhidi ya utawala: raia aliyenyanyaswa muda mrefu kiasi kwamba hata akishika silaha hajui aanzie wapi kudai haki yake. Mwishoni mateka wanakataa kumwacha auawe, wanatoka naye katikati yao, na vikosi vilivyolizingira jengo haviwezi kumtofautisha na wengine.

Je, hiyo ni kazi ya kibaraka? Mwaka 1995, katika Tuyour al-Zalam, Imam mwenyewe aliigiza wakili anayepanda ngazi za chama tawala kwa ufisadi, sambamba na mwenzake aliyejiunga na Waislamu wa siasa kali, na filamu haikumsafisha hata mmoja wao. Yaelekea ukaribu wake na wakubwa ndio uliomfungulia njia ya kusema ambayo mwingine angekatazwa. Ukaribu huo, hata hivyo, haukumkinga nje ya ikulu: mwaka 1988 alikwenda kuigiza katika mji wa Asyut, ambako makundi ya Kiislamu yenye itikadi kali yalikuwa yakipiga vita maigizo, na mwaka 2012, Mubarak akiwa ameshaanguka, alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu kwa kuutusi Uislamu katika kazi zake, hukumu iliyofutwa kwa rufaa mwaka huohuo.