Mashine ya uchaguzi ishtakiwe mapema, si baada ya matokeo

Kila Kenya inapokaribia uchaguzi, jamaa zangu huniuliza kama huku Ujerumani watu hupiga kura kwa kompyuta. Hapana. Hapa Köln mpiga kura hupewa karatasi na kalamu, na jioni ileile kura humwagwa mezani zikahesabiwa kwa mkono. Mashine walikuwa nazo. Mji huuhuu ulitumia mashine za Nedap kutoka Uholanzi, na katika uchaguzi wa bunge wa Septemba 2005 Wajerumani wapatao milioni 2 walipiga kura kwa mashine hizo. Mahakama ndiyo iliyozing'oa, na natamani kila Mkenya aijue sababu yake kabla ya Agosti 2027.

Mashine hizo zilikuwa na idhini zote. Taasisi ya serikali ya vipimo, PTB, ilikagua sampuli ya kila aina, wizara ya mambo ya ndani ikaidhinisha, na mtengenezaji akathibitisha kwamba zilizobaki zinafanana na ile iliyokaguliwa. Mpiga kura alibonyeza kitufe, kura ikaingia kwenye kumbukumbu ya mashine, na jioni mashine ikachapisha jumla. Ukitaka kuhesabu upya, hakuna cha kuhesabu. Raia wawili, baba na mwanawe, hawakuridhika. Walipeleka pingamizi bungeni likakataliwa, wakaenda Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe. Wakati huo Uholanzi kwenyewe, wanaharakati wakiongozwa na Rop Gonggrijp walikuwa wameshaifungua mashine ya Nedap, wakabadilisha programu yake, hata wakaifanya icheze sataranji. Waholanzi nao walirudi kwenye karatasi.

Hukumu ilitolewa tarehe 3 Machi 2009. Hakuna aliyethibitisha kwamba hata kura moja iliibwa, na majaji hawakudai uthibitisho huo. Walisema uchaguzi ni jambo la hadharani, na kila raia lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za kupiga na kuhesabu kura bila kuwa na utaalamu wowote maalumu. Ukaguzi wa wataalamu wa serikali kabla ya siku ya kura, uwe mzuri kiasi gani, hauwezi kuchukua nafasi ya macho ya raia. Kanuni zilizoruhusu mashine zile zikatangazwa kuwa kinyume cha katiba. Matokeo ya 2005 hayakufutwa, na wabunge waliochaguliwa walikuwa wamekaribia kumaliza muhula wao. Kwa kasi, Wajerumani hawana la kutufundisha.

Linaloniuma ni hili. Katiba ya Ujerumani haina hata mstari mmoja juu ya mashine za kura. Majaji walilitoa fundisho hilo kwenye vifungu vya demokrasia na uchaguzi kwa jumla. Sisi tumeandikiwa wazi. Ibara ya 86 ya Katiba ya 2010 inasema mfumo wowote wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, wa kuweza kuthibitishwa, salama, wa kuwajibika na wa uwazi. Neno la kwanza kabisa ni urahisi! Lakini tukifika mahakamani tunabishana nani aliingia kwenye seva, yaani kompyuta kuu za kuhifadhi matokeo.

Najua kura zetu bado ni za karatasi. Kifaa cha KIEMS humtambua mpiga kura kwa alama za vidole na kutuma picha ya fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo. Lakini 2013 vifaa vya utambuzi viligoma katika vituo vingi, na 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva zifunguliwe, Tume ya uchaguzi isitii kikamilifu. Majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na David Maraga, wakafuta uchaguzi wa rais. Wenzangu kazini hapa hawakuamini kwamba mahakama ya Afrika inaweza kufanya hivyo, nami nilijivunia. Kisha 2022 Tume iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao. Nikiwa Köln niliifungua ya kituo cha kwetu na kujumlisha mwenyewe. Hilo ndilo jambo bora tulilowahi kufanya katika uchaguzi, na liko karibu sana na fikra za Karlsruhe.

Tatizo letu ni saa tunayokwenda mahakamani. Kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo, na majaji wana siku 14 za kuamua. Siku 14 za kuelewa seva, programu na kumbukumbu zake, nchi nzima ikiwa imeshika roho! Mashine yenyewe, mkataba wake na ripoti za majaribio yake zinapaswa kufikishwa Mahakama Kuu mapema, wakati hakuna mshindi wala mshinde wa kuitetea au kuilaani kwa sababu zake. Ibara ya 258 inampa kila mtu haki hiyo.

Februari 2025 niliingia kituo cha kura hapa jirani, kwenye shule, kutazama hesabu. Mimi si raia wa Ujerumani, lakini sheria yao inamruhusu yeyote kuingia na kutazama, na hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Kwetu, mpiga kura asiye na kibali cha wakala au mwangalizi hubaki nje. Hilo nalo lingefaa kuingia kwenye kesi hiyohiyo.

Mawakili wa kuisimamia tunao, na wengi wetu tulio nje tuko tayari kuichangia. Swali la kumwekea jaji ni moja: mama yangu, aliyeishia darasa la nne, ataukaguaje mfumo huu bila kumwamini mtu yeyote? Tume ijibu sasa, karatasi za kura zikiwa bado hazijachapishwa.