Huku kadi inaibiwa ikiwa mfukoni, Bongo hela unaituma mwenyewe

Mwaka wa tisa huu niko Houston na bado kuna kitu sijakizoea, kumpa mhudumu kadi ya benki halafu anaondoka nayo. Yaani mmeshakula, bili imekuja kwenye kile kijitabu cheusi, unachomeka kadi humo, dada anaibeba anapotelea nyuma huko dakika tano nzima, anarudi na risiti mbili na kalamu uandike tipu usaini. Namba zote za mbele anazo, tarehe ya kuisha anayo, zile tatu za nyuma anazo, akipiga picha nani atamwona? Na hakuna anayeshtuka, ni mimi tu nimekodolea macho mlango wa jikoni.

Sasa Desemba nikiwa Dar, tumekaa Msasani na washkaji, bili ikaja nikamnyooshea kijana kadi bila hata kufikiria. Akanicheki, akaenda akarudi na mashine, "Braza weka mwenyewe namba ya siri, mi sitakiwi kuiona," akageukia pembeni kabisa. Walinicheka mpaka basi, eti Mmarekani. Ila kwa hilo Bongo tumewazidi na sioni aibu kusema.

Mimi nilipigwa 2019, sheli. Wajanja wanapachika kidude pale unapochomeka kadi kwenye pampu, wengine wanakiweka ndani kabisa huwezi kukiona, kinanakili ule mstari mweusi wa nyuma ya kadi. Ule mstari habari zake ni zilezile siku zote, akishazipata anatengeneza kadi pacha anaenda nayo dukani. Chipu, kile kibati kidogo cha mbele ya kadi, haiko hivyo, kila ukilipa inatoa namba mpya ya mara moja, mwizi akiinasa ni sawa na kuokota vocha iliyokwisha kukwanguliwa. Shida Marekani hapa walijivuta sana, maduka yalianza kubanwa Oktoba 2015 kwamba ukikataa mashine ya chipu hasara ya kadi feki unabeba wewe, na sheli wakapewa muda, wakaongezewa tena, mpaka Aprili 2021. Uingereza wenzao tangu 2006 wanabonyeza namba ya siri madukani kama kawaida.

Basi Jumamosi asubuhi naamka nakuta meseji, dola mia nne na ushee zimetumika mji ambao sijawahi hata kupita, na kadi nimeishika mkononi naitazama! Na ilikuwa debiti, humo ndimo ilimokuwa hela ya kodi ya nyumba. Benki wakaifunga palepale. Sheria ya huku inawapa siku 10 za kazi wachunguze, wakitaka muda zaidi inabidi wakurudishie hela kwanza ndio waendelee na uchunguzi wao, na kweli ilirudi yote, ila mwenye nyumba yeye hajui hizo siku 10 ni nini. Tangu siku hiyo mafuta nalipia kwa krediti tu, wakipiga wanapiga hela ya benki, tutabishana huku yangu imetulia. Na penye kugusisha simu nagusisha simu, maana namba inayopokelewa na mashine sio ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Washkaji wa Bongo wanapenda kuniambia kadi za nini bwana, M-Pesa salama zaidi, namba ya siri iko kichwani mwako. Sawa, kuibiwa ni ngumu kweli, ndio maana matapeli wa kwetu hawahangaiki na vidude, wanakutumia tu "ile hela tuma kwenye namba hii" na mtu aliyekuwa na deni mahali anatuma mwenyewe, kwa vidole vyake, na jina geni limetokea pale juu hakulisoma. Mpaka upate huduma kwa wateja mwenzio keshatoa kwa wakala yuko zake. Na huwezi kusema hukuidhinisha, umeidhinisha wewe! Huku wananiibia kirahisi wananirudishia, kule unaibiwa kwa shida na hakirudi kitu. Mimi nachagua kurudishiwa, mnisamehe. Mdogo wangu anayeagiza nguo mtandaoni nimemwambia atumie ile kadi ya kutengeneza kwenye simu, aweke hela ya gauni tu, kadi ya akaunti ya mshahara asiichape kwenye duka lolote asilolijua.

Kwa mama ndio nimeshindwa. Nimemsindikiza kwa wakala mwenyewe, amefika kamkabidhi yule kijana simu, halafu namba ya siri anamtajia kwa sauti foleni yote inasikia. Njiani nikaanza somo langu, akaniacha nikamaliza, akasema, "Baba, mimi yule kijana namjua mpaka kwao. Wewe kadi ulikuwa nayo mfukoni, aliyekuibia unamjua?"